Malalamiko Juu ya Nusu Saa ya Kutembea

Kwa Daktari Mkuu wa Zahanati,

Ndugu Daktari,

YAH: KUOMBA KUFUTIWA DAWA YA KUTEMBEA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwa amani, maana mimi kuketi kumenishinda.

Mimi ni karani wa masijala, umri miaka hamsini na mmoja, mume wa mke mmoja. Nimetunza mafaili ya watu kwa miaka kumi na tisa, na ofisini wananiita Njoo Kesho. Jina hilo sikujipa. Nilipewa na wananchi.

Miezi mitatu iliyopita nilifika kwenye zahanati yako nikamwona muuguzi wa chumba namba nne, yule mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamweleza kwamba moyo wangu ni mzito kama gunia lililolowa, chakula hakina ladha, na nikimsikia mtu anacheka kwenye korido naumwa ubavu. Akanisikiliza vizuri, kisha akaandika: "Tembea nusu saa kila asubuhi, siku tano kwa wiki." Nikamuuliza vidonge viko wapi. Akasema, "Baba, vidonge unavyo, umevikalia. Anza na dakika kumi, viatu viweke mlangoni. Ukikosa siku moja usijilaumu, ya pili yake toka tena."

Nimetii kama nilivyoagizwa. Madhara niliyoyapata ni haya:

1. Nimekosa heshima ya mgonjwa. Jirani yangu ana mfuko wa dawa, na akiufungua sebuleni watu wote hunyamaza. Mimi nina raba. Mama mkwe alipoambiwa natibiwa, aliuliza ni ugonjwa gani huo unaomtoa mtu jasho kwa hiari yake.

2. Siku ya tatu tu, shemeji zangu wawili walifika wamevaa makoti. Walikuwa wamesikia kwamba naondoka nyumbani alfajiri, kwa haraka, bila kugeuka nyuma. Mke wangu akawaambia hajaachwa. Hawakusadiki. Waliningoja hadi niliporudi, na badala ya kufurahi wakanitaka nieleze kwa nini nimerudi.

3. Kazi yangu imeharibika. Zamani mtu akisema "Naomba faili langu", mdomo ulimjibu kabla macho hayajamtazama. Wiki ya tano, nikiwa nimetoka kutembea, kwa bahati mbaya nilimtazama. Alikuwa mwalimu mstaafu niliyekuwa nikimrudisha tangu mvua za mwaka juzi. Nikainuka. Faili lilikuwa rafu ya pili, dakika nne halikuchukua. Nikamkabidhi, naye hakuondoka. Akasimama pale amelikumbatia, akaniuliza kwa upole, "Na sasa nifanye nini?" Tangu niajiriwe hakuna aliyewahi kufika hatua hiyo.

Hadi adhuhuri watu kumi na mmoja walikuwa wamepata mafaili yao. Foleni ikaisha. Mama wa chai, ambaye wateja wake ni foleni hiyo, akaingia na birika lake kuuliza nani amefariki. Mkuu wa kitengo akaniita. "Unaumwa?" Nikasema nilikuwa naumwa, sasa natibiwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi, ndugu yangu, punguza matibabu."

4. Mke wangu analalamika kwamba siku hizi namuuliza ameshindaje, halafu nangoja jibu. Mimi pia nalalamika. Sikujua majibu ni marefu hivyo.

5. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wiki ya saba, soli ya raba yangu ilibanduka njiani, na kibanda cha fundi viatu kilichokuwa karibu ni cha kaka yangu mkubwa. Mimi na kaka hatukuwa tumesemeshana miaka kumi na minne. Siku tuliyomzika mama, kila mmoja alimwambia mwenzake mbele za watu kwamba ndiye aliyechelewa kumpeleka hospitali. Tangu hapo, basi.

Nilisimama pale kwa mguu mmoja, Ndugu Daktari, mtu mzima na kitambulisho changu cha kazi shingoni. Kaka akanyoosha mkono, akasema, "Lete." Akapaka gundi, akashona. Akaigeuza soli, akaitazama kwa muda mrefu. "Unakanyagia upande wa nje," akasema, "kama baba."

Kesho yake nilimkuta barabarani amevaa viatu vya kutembelea. Tunatembea pamoja tangu siku hiyo, na huko ndiko nilikosikia kwamba jioni ile mama alipozidiwa yeye alikuwa ananisubiri mimi tumpeleke hospitali, kama mimi nilivyokuwa namsubiri yeye. Kosa lile nilikuwa nimelibeba peke yangu, nimeshalizoea, najua linakaa bega gani. Sasa nimeambiwa nusu yake si yangu. Je, hiyo ndiyo tiba?

6. Shangazi amebaki bila kazi. Miaka kumi na minne alikuwa mjumbe wetu, "mwambie nduguyo" huku na "kamjibu nduguyo" kule, akipokewa kwa heshima nyumba zote mbili. Jumapili alikuja akatuomba, kama hatuna neno, tugombane angalau kidogo, jambo dogo tu, asije akasahaulika.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

(a) Muuguzi wa chumba namba nne afute alichoandika.

(b) Nipewe cheti kinachothibitisha kwamba afya yangu inahitaji kiti.

(c) Uzito wangu wa moyo nirudishiwe ukiwa katika hali niliyouleta nayo, kabla Mkuu hajafunga tathmini ya wafanyakazi.

Nisalimie muuguzi mwenyewe, mlinzi wa lango, dada wa maabara aliyenitoboa kidole bila kuniumiza, na wagonjwa wote waliopewa vidonge halisi. Wa kwetu hawajambo, hata wale ambao kwa kawaida huwa na la kusema.

Ni mimi niliyetibiwa bila kutahadharishwa,

Karani wa Masijala

N.B. Kama kufuta hakuwezekani, basi naomba nusu saa iongezwe iwe saa moja na nusu, na Jumamosi na Jumapili zihesabiwe, tena kwa maandishi yenye muhuri ili Mkuu asinikatalie. Kaka ananisimulia miaka yote kumi na minne bila kuruka mwezi, nami namsimulia yangu. Kwa nusu saa kwa siku, mpaka leo asubuhi tumefika mwaka wa pili tu.