Malalamiko Juu ya Kidonge cha Mkwe Wangu

Likasi, Shituru, Jumatano

Kwa Mama Viviane, mwenye dirisha la dawa,

Mama mheshimiwa, pokea salamu za mtu anayekuandikia akiwa amekaa, kwa kuwa miguu yake imegoma kusimama. Mimi ni Symphorien Kabongo, mstaafu wa kiwanda, yule mzee uliyemnyang'anya vidonge juzi Jumatatu. Ulinong'ona, nakubali, lakini unong'ono wako ulikuwa mrefu mno, na watu wa foleni wakaanza kunihurumia. Nakuandikia kwa heshima yote, na kwa hasira kidogo.

1. Uliniuliza nina dawa gani nyingine nyumbani. Mama, hilo si swali la kumwuliza mtu mzima. Kwako nafuata dawa ya virusi, miaka tisa sasa, na sijakosa hata siku moja. Vingine ninavyomeza ni mambo ya nyumba yangu. Nilipositasita ukaniambia mficha uchi hazai. Nina watoto saba, Mama.

2. Vile vidonge nilivyovitoa mfukoni, ukavichukua, si vidonge tu, ni mkwe. Binti yangu Kabedi ameolewa na Guy wa Kambove, kijana mwenye adabu. Mafuta katika damu yalimsumbua, akapewa dawa, yakashuka. Kwa furaha yake akaninunulia na mimi kopo zima, akalileta kwa mikono miwili, pamoja na jogoo. Kwetu anacholeta mkwe hakirudishwi. Sikuwahi kupimwa hayo mafuta, nakiri, lakini ningemwambiaje? Jogoo nilimla, na kidonge nikakimeza, kimoja kila jioni, kwa adabu.

3. Ulisema dawa hizi mbili hazipatani. Eti hii yangu ya virusi, ya mstari wa pili, niliyobadilishiwa baada ya ile ya kwanza, inalizuia ini kuisaga ile ya mafuta, basi ile ya mafuta inarundikana katika damu na kuanza kula misuli. Ndiyo sababu mapaja yanawaka moto na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Ukaagiza nipimwe damu na figo upesi. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, na nyasi ni mimi, hapo tumeelewana. Lakini kwa nini aondoke mgeni, aliyekuja na jogoo? Je, ulichunguza kama mwenyeji ndiye mkorofi? Nilipopendekeza tuipumzishe ile ya virusi, hata wiki mbili tu, ulinikazia macho ukasema: "Papa Symphorien, ile dawa weye utaiacha siku ya kufa." Hayo si maneno ya kumwambia mzee dirishani.

4. Hapa ndipo penye uchungu. Guy anakuja Jumapili. Atauliza kopo liko wapi. Nikisema nimeacha, atauliza kwa nini, na jibu lake analijua mke wangu Marceline peke yake. Mwaka ule nilipopata majibu nilimwambia yeye, akapimwa, akakutwa mzima, tukalia, tukafunga mlango. Watoto wanajua ninameza vitamini. Naogopa, Mama. Naogopa mkwe wangu ataacha kunawa na kula bukari, ugali wetu, pamoja nami, naye ndiye aliyebaki wa kunitembelea.

Kwa hiyo naomba unipe cheti chenye muhuri kinachosema kwamba mafuta yangu yamekwisha kabisa, hata ya kukaangia. Kama haiwezekani, dawa zote mbili ziitwe kwenye kikao cha familia, zisikilizwe, na yenye kosa itoe mbuzi. Hilo nalo likishindikana, serikali iwatangazie wakwe wote wa Haut-Katanga kwamba zawadi ya vidonge ni marufuku, waendelee na majogoo.

Nisalimie daktari, mama wa mizani, na mlinzi aliyenishika mkono nikipanda ngazi. Wasalimie hata wale wa foleni, waambie sijambo.

Ni mimi, mwenye kulalamika kwa unyenyekevu,
Symphorien Kabongo

N.B. Ijumaa. Mama, barua hii usiifanyie kazi. Nilikuwa sijaifunga bado, Guy akafika jana badala ya Jumapili. Nilitaka kusimama nimpokee, mapaja yakakataa, nikaanguka miguuni pake. Akaniinua akanibeba mpaka kitini, mkwe kambeba baba mkwe, aibu iliyoje. Pale pale nikamwambia yote, na la virusi pia. Guy akachuchumaa mbele ya kiti changu. Kisha akasema: "Papa, miye njo nilikuwa nakuua, na weye ulikuwa unanyamaza sababu ya heshima." Akalia, nami nikalia, halafu akaomba maji ya kunawa, tukala.

Leo asubuhi amenipeleka mwenyewe kupima damu na figo. Wakati wa kurudi, nilipogeuka kidogo tu, akaninunulia dawa ya misuli, pakiti mbili, akanipa kwa mikono miwili. Nimepokea, lakini sijameza. Marceline anakuletea pamoja na barua hii, ndani ya mfuko wenye kila kitu ninachotumia, hata ile mizizi ya kuchemsha ambayo sikukuambia. Angalia kwanza, tafadhali.