Mzazi Mkuu wa Koboko

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti juu ya Landrova, sokoni Koboko, mwaka 1974, nchi ikiwa chini ya wanajeshi, mbele ya wananchi na mbuzi wao: kuanzia Jumatatu, wazazi wote wataipenda shule. Atakayechelewa kuipenda atachukuliwa hatua.

Msomaji alikuwa Kapteni Lokule, Mwenyekiti mpya wa Umoja wa Wazazi na Walimu. Kabla ya uteuzi huo alisimamia ghala la matairi kambini, na katika utumishi wake wote hakuna tairi lililowahi kumkosea adabu. Hakuona kwa nini wazazi washindwe.

Alichokikuta shuleni kilimsikitisha. Umoja ulikuwa unafanya kazi tayari. Kina mama, wakiongozwa na Medina muuza mandazi, walipokezana kupika uji wa watoto. Kina baba walikuwa wameezeka darasa moja kwa nyasi. Mtoto asipoonekana, Mwalimu Mkuu Dramadri alikwenda kwao jioni, akaketi na wazazi mpaka wajue kinachomsumbua.

"Nani aliwapa ruhusa ya kusaidiana?" Kapteni akamuuliza.

"Hakuna, Afande. Tulianza tu."

Kapteni alihisi kizunguzungu. Nchi itafika wapi kama watu wataanza tu?

Akachukua hatua za dharura. Uji ulisimamishwa mpaka Kamati Ndogo ya Uzito wa Uji itoe maoni. Mazungumzo ya jioni yalipigwa marufuku, maana ni mikusanyiko. Na kwa kuwa utafiti, alioufanya mwenyewe akiwa anakunywa chai, ulionyesha kwamba mtoto hutokana na mzazi, iliamriwa hivi: mtoto akichelewa shule, mzazi wake atachimba choo kipya.

Wa kwanza kuchimba alikuwa Candiru, mjane mkulima wa mihogo, kichanga mgongoni, kwa sababu binti yake Mindra alipitia kisimani akachelewa. Siku chache baadaye Mindra mwenyewe akaanguka darasani. Medina akafunga duka lake la mandazi, akaenda kambini.

"Afande, salaam aleikum. Mtoto ya Candiru naanguka leo ndani ya darasa."

"Ameanguka kwa kibali cha nani?"

"Kibali ya njaa, Afande."

"Kamati itakutana mwezi ujao," akasema Kapteni. Medina alipoondoka, Kapteni alisikia kitu kikimchoma kifuani. Akakichunguza, akaridhika kwamba ni kiungulia.

Ndipo ikaja simu ya upepo kutoka ofisi za mkoa, Arua Hill. Mkaguzi, Bwana Ayiko, alikuwa njiani kuja kuona Umoja huo wa mfano. Mwenyekiti alikumbushwa kwamba kwa mujibu wa kanuni lazima awe na mtoto katika shule hiyo.

Kapteni hakuwa na mtoto. Alikuwa na pikipiki.

Akaitisha kikao cha ghafla. Wazazi wakapangwa mistari, naye akawaeleza tatizo la kitaifa lililowakabili. Medina akasimama.

"Afande, hapana sumbuka. Sisi nakupa mtoto."

"Mmoja?"

"Mutu kubwa kama wewe, mtoto moja ni matusi. Chukua yote."

Mikono yote ikainuka. Kapteni akatoa leso, akapangusa macho. Hakujua kwamba anapendwa kiasi hicho.

"Wote kabisa, Afande?" akauliza Mwalimu Dramadri. "Kisheria?"

"Kisheria! Kuanzia sasa mimi ni Mzazi Mkuu. Watoto hawa hawana mzazi mwingine!"

Asubuhi ya ukaguzi Kapteni alisimama uwanjani na nishani zake zote, Bwana Ayiko kando yake. Uwanja ulikuwa mtupu. Jua lilipokuwa limeshachoma vizuri, watoto wakatokea, wakitembea kama watu wanaotoka harusini. Mindra ndiye aliyekuwa mbele, anatafuna muwa.

"Wamechelewa," akasema Ayiko. "Huwa mnafanyaje?"

Mwalimu Dramadri alijua watu walivyopotea kwa maneno machache kuliko hayo aliyotaka kusema. Akamwangalia Mindra, akasema: "Mzazi huchimba choo, bwana. Ni amri ya Mwenyekiti."

"Amri nzuri sana. Na mzazi wao ni nani?"

Kina mama waliokuwa wamesimama kwenye ua wote wakamgeukia Kapteni. Kiswahili chake cha ofisini kikamtoroka ghafla.

"Mimi iko kapteni! Mimi hapana chimba!"

"Sawa," akasema Ayiko kwa upole. "Nitaeleza Arua Hill kwamba amri umetoa wewe na umeivunja wewe."

Miaka ile sentensi kama hiyo haikuwa ya kujibiwa. Kapteni akavua koti lenye nishani, akalitundika kwenye mti wa ua, akashika jembe, akaanza kuchimba.

Kufikia adhuhuri viganja vilikuwa malengelenge matupu. Ayiko akainama ukingoni.

"Lakini mbona watoto wako wamekonda hivi? Wanakula nini?"

"Wanasubiri maoni ya kamati," sauti ikatoka chini.

"Baba mzima unasubiri kamati ili ulishe watoto?"

Medina alikuwa ameshawasha moto. Akaja na mwiko, akauteremsha shimoni.

"Toka, Afande. Maji iko nachemuka."

Akamfundisha kukoroga: unga kidogo kidogo, mkono usisimame. Kapteni alipojaribu kumpa Koplo wake mmoja mwiko, Medina akamwambia kwamba Koplo hana mtoto hapa. Kapteni akakoroga, moshi machoni, jasho likimchuruzika mpaka kwenye buti.

Uji ukaiva. Mindra akawa wa kwanza kwenye foleni. Kapteni akampimia nusu bakuli, kipimo cha kambini. Mtoto hakuondoka.

"Baba," akasema, "ongeza."

Foleni nzima ikapokea: "Baba, ongeza!"

Kapteni akamtafuta Bwana Ayiko kwa macho, apate mtu mzima wa kumtetea. Akamwona kwenye foleni, nyuma ya watoto wa darasa la kwanza, ameshika bakuli kwa mikono miwili.

Akaongeza.