Toa Sita, Upate Cheo

Jumatatu, 1 Juni
Nimeamka na kipaji changu kilekile, na bado hakijatambuliwa. Ofisini simu ya kliniki ya meno ililia kabla sijaketi. Mpokezi wao alikuwa mbogo. Akasema asubuhi viti ni vitupu na daktari anasoma gazeti. Mchana wagonjwa wanajaa hadi nje, wameshika mashavu. Sababu? Programu yetu ya miadi. Mgonjwa wa saa mbili asubuhi anatumiwa ujumbe: “Fika saa 8:00.” Naye, mtu mwenye akili timamu, anafika saa nane mchana. Programu tuliinunua ng'ambo, ikaja na saa za kwao.

Bosi akatangaza: atakayelimaliza tatizo hili kabla ya Jumamosi ndiye mkuu wa kitengo. Mimi na Miwani tukatazamana. Miwani ni mwenzangu wa meza ya pili, mtu anayepangusa kioo cha kompyuta kila asubuhi kama sahani za wageni. Cheo kile nakihitaji kuliko yeye. Mama Mkwe (bado hajawa mkwe, lakini shajara ni yangu, naandika nitakavyo) ameshasema mbele ya watu: kwanza cheo, ndipo binti. Mchumba ananisihi nivumilie. Nimevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umenichoka.

Jumanne, 2 Juni
Mkutano. Miwani akapendekeza tuandike tu maneno: “saa mbili asubuhi.” Maneno! Kwenye kompyuta! Nilicheka hadi bosi akauliza kama naumwa. Nikasema suala hili linahitaji utafiti. Bosi anaogopa sana neno utafiti, akaahirisha.

Utafiti wenyewe: saa zao zimetuzidi sita. Basi toa sita. Mstari mmoja tu! Niliuingiza wenzangu walipokwenda kula, wala sikumwambia mtu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikajaribu: 8:00 ikawa 2:00. Karibu nijipigie makofi.

Jino la Mama Mkwe linamsumbua wiki nzima. Nimemwekea miadi Alhamisi, saa mbili asubuhi. Nikamwagiza mchumba amweleze mama kwamba programu hiyo inaendeshwa na mkwewe.

Jumatano, 3 Juni
Kliniki hawakupiga simu. Ushindi! Nimepita mezani kwa Miwani mara kadhaa nikipiga mluzi. Mchana hakwenda kula. Aliinamia kompyuta, na nilipokaribia akafunika kioo kwa gazeti. Maskini, bila shaka anaandika barua ya kuacha kazi. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikala mkate wake.

Alhamisi, 4 Juni
Balaa! Alfajiri Mama Mkwe kapokea ujumbe: “Usichelewe. Fika Jumatano saa 20:00.” Leo ni Alhamisi. Kaambiwa aende jana! Tena saa ishirini! Akamuuliza binti yake saa ishirini inakaa upande gani wa saa ya ukutani. Mchumba akaniuliza mimi. Nikasema ni lugha ya kitaalamu.

Mama akaenda hivyohivyo, shavu limevimba. Mpokezi akatazama kompyuta, akamwambia kwa upole kwamba miadi yake ilikuwa jana na amechelewa sana. Amerudi nyumbani na jino lake. Aliyoyasema kunihusu nimeletewa yote. Shajara ina heshima zake, siyaandiki.

Nimegundua kisa. Miwani naye alitoa sita. Kwa siri! Sita zangu, sita zake, asubuhi ya leo ikageuka usiku wa jana. Ni watu gani hawa wanaofanya mambo bila kuwashirikisha wenzao? Nimesikitika mno.

Ijumaa, 5 Juni
Bosi katuita. Miwani akakiri kosa palepale, akafuta sita zake na, bila haya, sita zangu pia. Akaandika maneno yake: “saa mbili asubuhi.” Mimi sikukiri, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza vizuri. Mchana mpokezi akapiga simu kushukuru. Miwani ndiye mkuu wa kitengo. Mtu mzima anapewa cheo kwa kuandika neno asubuhi!

Nililia chooni, nikajifanya napiga chafya. Si kwa ajili ya cheo. Yule binti nampenda, na sasa sina cha kumwonyesha mama yake.

Jumamosi, 6 Juni
Maajabu! Jino liling'olewa jana jioni, na Mama Mkwe kaamka mtu mpya. Mchumba akaitumia nafasi hiyo kunibembelezea. Mama akasema, pamba ikiwa bado mdomoni, kwamba mtu asiyejua jana na leo atampima kwa tarehe moja tu. Watu wangu wafike tarehe nane, mwezi wa saba. Wasipotokea siku hiyo, mlango umefungwa na nisiuzunguke tena. Tarehe moja! Hata mtoto angeiweza.

Kwa furaha nikapita ofisini. Nikakuta Miwani kabandika karatasi kwenye kompyuta yangu: “Tarehe zilikuwa zinatanguliza mwezi. Nimeshazigeuza. Tafadhali usiguse.” Siku moja tu ya ukuu, ameshaanza amri. Nikaangalia kazi yake. Programu inaandika 6/6. Siku ni ipi hapo, na mwezi ni upi? Haijulikani! Eti kageuza. Nimegeuza mwenyewe, kimyakimya. Nikajaribu: 6/6. Safi kabisa, hakuna kilichoharibika. Jumatatu bosi ataona nani fundi.

Jumapili, 7 Juni
Mjomba ndiye mshenga wangu, mtu wa kuheshimika ila msahaulifu. Sikutaka kumwachia kichwa chake. Nikaingiza tarehe nane ya mwezi wa saba kwenye programu, ikamtumia ujumbe yenyewe. Hayo ndiyo matumizi ya akili.

Jioni kanipigia. Amefurahi sana. Ujumbe kauona, 7/8, na anashukuru kupewa nafasi ndefu: Julai yote atakuwa safarini, atarudi mwishoni ashone suti, na mwezi wa nane, tarehe saba, atakuwa mlangoni kwa Mama Mkwe asubuhi na mapema. Wazee bwana, wakianza kuzungumza hawaishi! Nilikuwa naitikia tu huku nachagua viatu vya siku hiyo. Mwisho akauliza kama nina hakika na tarehe. Nikamwambia mjomba asijali, tarehe nimeishughulikia mwenyewe.