Mkwe Mtulivu Chini ya Maji

Jumamosi, tarehe 3 Agosti

Tumefika kisiwani. Boti ilituyumbisha njia nzima. Nimetapika, lakini kwa staha, upande wa nyuma, huku nikijifanya natafuta pomboo. Mke wangu alinipa kitambaa bila kuuliza kitu. Ana macho kisogoni mwanamke yule.

Tuko wanne. Baba mkwe, ambaye ndiye aliyelipia safari. Mke wangu. Kaka yake mkubwa, ambaye humu nitamwita Shemeji tu, kwani nikiliandika jina lake nashikwa na kiungulia. Na mimi. Chumba chetu kizuri, kitanda kipana, mlango wa kioo unaotazama bahari. Cha Shemeji kina mlango wa kioo na bembea. Sijauliza kwa nini.

Wakati wa chakula Mzee akatoboa siri. Amechoka, anataka kumwachia mtu duka lake la matairi. Anaowafikiria ni wawili: mwanawe, anayesimamia ufundi kule nyuma, na mimi ninayeuza mbele. Mke wangu ni muuguzi wa watoto na alishasema zamani kwamba matairi hayataki hata kwenye ndoto. Basi wiki hii tutajifunza kuzamia na mitungi ya hewa, na Mzee atatutazama.

"Mwenye pancha huja dukani na hasira zake," alisema. "Namtaka mtu asiyebabaika. Na maji hayamfichi mtu."

Nikasema mimi nimeshawahi kuzamia. Sijui lilitoka wapi. Lilikuwa tu mdomoni, likatoka. Mke wangu aliacha kutafuna.

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Somo la kwanza, bwawani. Mwalimu wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na hapandishi sauti hata kidogo, kwa hiyo ukikaa mbali humsikii. Nilikaa mbali. Mtu aliyeshawahi kuzamia hawezi kubanana mbele na wanafunzi. Nilisimama pembeni nikinyoosha shingo, kama mtu anayekumbuka bahari nyingine. Alifundisha ishara za vidole. Nikaona ni mambo ya watoto.

Halafu mkanda. Kuna mkanda wa kiunoni unaotiwa vipande vya madini mazito ya risasi ili usielee. Nikapiga hesabu zangu. Anayeelea anatapatapa. Mzito anatulia. Mwalimu alipogeuka, nikajiongezea vipande.

Nilitulia kweli. Nilikwenda chini moja kwa moja kama sufuria na kukaa kwenye vigae, nisiweze kuinua hata goti. Nilikuwa mtu mtulivu kuliko wote bwawani. Mwalimu alishuka, akanifungua mkanda, akanipandisha kwa kunishika kwapani.

Baba mkwe akauliza nilikuwa nafanya nini kule chini. Nikamwambia nilikuwa nakagua sakafu. Akasema, "Hm." Mzee huyu ana "hm" za aina nyingi. Hii sikuipenda.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Wazo limenijia nikiwa nasukutua. Kwa nini nihangaike kupanda mimi, wakati ninaweza kumshusha mwenzangu?

Baada ya chai nikamfuata Mwalimu ghalani anakoanika suti za mpira. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba kuna jambo la kifamilia. Nikashusha sauti. Nikasema Shemeji anaogopa maji tangu utotoni, anaogopa hasa, ila ni mwanamume mwenye fahari yake, kwa hiyo tafadhali asimwambie kitu. Amwangalie tu kwa karibu. Na kama ataona ni vyema abaki ufukweni akichezea mchanga, familia haitamlaumu.

Mwalimu alitundika suti aliyokuwa nayo mkononi. Akasema nina moyo mzuri. Hata mimi nikajiona hivyo.

Jioni nikafanya mazoezi bafuni. Nilijaza maji hodhi la kuogea, nikavaa miwani ya kuzamia, nikalala chali na kutengeneza uso wa utulivu. Nilipofungua macho mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa hodhi, mswaki mkononi.

Akauliza kama kule nilikowahi kuzamia ndiko huku.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Bahari. Sipendi kuandika habari za leo, lakini shajara ni shajara.

Tulishuka vizuri. Maji ya uvuguvugu, mwanga mwingi, matumbawe kama bustani ya mtu asiye na mpango. Nilikuwa napumua. Nilikuwa naelea karibu sawasawa. Mbele yetu akatokea kasa, mkubwa kama meza ya kahawa, anakula majani bila haraka. Baba mkwe alisimama pale pale majini, mikono kifuani. Niliyaona macho yake kupitia kioo. Mzee wa watu alikuwa kama mtoto.

Akanigeukia, akanionyesha kasa, akanifanyia duara kwa vidole. Nikaelewa ananiuliza kama ninafurahi. Nikamjibu kwa moyo wote: kidole gumba juu. Sikutosheka na kimoja. Vyote viwili.

Kumbe chini ya maji kidole gumba juu maana yake ni kwamba kuna tatizo, tupande sote sasa hivi. Na ishara hiyo haina mjadala. Mwalimu akampandisha kila mtu. Tulipofika juu wote walinizunguka kuniuliza ninaumwa nini. Nikasema nilikuwa namsifu kasa.

Tuliporudi chini kasa alishakwenda zake.

Baba mkwe alirudi hadi ufukweni amenipa mgongo. Mchana akasema, "Nimemsubiri mnyama yule tangu nikiwa darasa la nne." Akaendelea kumenya yai.

Shemeji alinisogezea chumvi. Dharau hiyo.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Nimejipalia makaa.

Mwalimu alinisikiliza vizuri mno. Tangu juzi haachani na Shemeji. Anamfundisha peke yake asubuhi kabla sisi hatujaamka, anamshika mkono, anamwongoza kupumua taratibu. Matokeo yake, leo Shemeji ameelea majini kama wingu. Hapepesuki. Samaki wanapita katikati ya miguu yake kana kwamba ni nguzo ya gati. Wakati huohuo mimi, ambaye hakuna aliyeniombea uangalizi, nilimpiga teke Baba mkwe, miwani ikamtoka.

Si hayo tu. Mwalimu akamsifu mbele ya Mzee. Akasema si kila mtu anaweza kuishinda hofu ya tangu utotoni. Mzee akashtuka. Hofu gani? Shemeji akaangalia chini. Mzee akamwita kando, wakakaa muda mrefu kwenye magogo ya ufukweni, na waliporudi Mzee alikuwa amemshika mwanawe begani. Hajawahi kumshika mtu begani yule. Mimi ni mkwe wake mwaka wa tisa na ananisalimia kwa kidevu.

Jioni Shemeji akanifuata barazani. Nikajiandaa kukana. Akakaa kwenye kiti cha pili, akasema: "Shemeji, Mwalimu ameniambia ni wewe uliyemwomba aniangalie. Sijui ulijuaje. Sikuwahi kumwambia mtu."

Alikuwa na miaka saba, akateleza kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba. Alikaa ameshikilia bomba mpaka fundi mmoja akamsikia. Hakumwambia baba yake kwa kuwa alikatazwa kupanda pale. Tangu hapo hata kuoga anaoga kwa ndoo. Amekuja safari hii akijua kwamba ataumbuka.

"Umenifanyia jambo la ndugu," akasema.

Nikamwambia asijali.

Nimelala chali natazama feni. Nilitunga uongo mtupu, nikautunga mwenyewe, kwa akili zangu, na hata huo umekwenda kuwa kweli kwa faida yake.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Upepo. Hatukuzamia. Nilikaa ufukweni na miwani usoni ili Mzee apite anione nikifanya mazoezi. Hakupita. Nilisinzia. Sasa nina duara jeupe usoni na pua nyekundu iliyobabuka. Mhudumu wa chakula alipoleta supu alikuwa anatazama sahani tu, mabega yakimtikisika.

Mke wangu amenishauri nimwambie baba yake ukweli kwamba sijawahi kuzamia. Anasema Mzee anaweza kusamehe ujinga, hawezi kusamehe kuzungushwa. Nimelifikiria jambo hilo kwa uzito mkubwa kutoka kitandani hadi mlangoni.

Hapana. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kesho ndiyo mara ya mwisho, tunakwenda kwenye meli iliyozama. Mpango: nitatangulia. Kiongozi hutangulia. Mzee akinyanyua macho, popote atakapotazama ataona visigino vyangu.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Nitaandika kidogo kidogo.

Mwalimu alitupanga wawili wawili. Baba mkwe na binti yake. Mimi na Shemeji. Akatuonya tusiachane na wenzetu, na tuwe tunatazama saa ya hewa, ile yenye mshale unaoonyesha kilichobaki mtungini.

Nikatangulia. Nilipiga miguu kama mtu anayefukuzwa. Nilifika kwenye meli wa kwanza, nikaizunguka, nikarudi, nikaizunguka tena ili Mzee anione. Shemeji alikuja nyuma yangu polepole, ananifuata kwa macho kama mama aliyeleta mtoto kwenye harusi. Mwalimu akaniuliza kwa ishara kama niko salama. Duara. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Akauliza hewa. Duara. Mshale sikuutazama. Mtu mtulivu hatazamitazami saa.

Nilipoutazama ulikuwa umelala kwenye nyekundu.

Bado ningeweza kumwita Mwalimu. Alikuwa pale, ng'ambo ya mlingoti. Lakini Mzee naye alikuwa pale, ananitazama. Nikafanya duara jingine. Nikajiambia nitapumua kwa kubana matumizi.

Halafu hewa ikawa nzito, kama kunyonya uji mzito kwa mrija. Nikavuta. Ikaja kidogo. Nikavuta tena. Haikuja.

Sikumbuki ishara yoyote. Nakumbuka nilimshika Shemeji mkono juu ya kiwiko na kuung'ang'ania. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa natapatapa hasa. Nilimfikiria mke wangu, kwamba alikuwa umbali wa chumba kimoja tu na mgongo wake umenielekea, anaangalia konokono.

Shemeji hakuniuliza kitu. Alichukua kipande chake cha pili cha kupumulia, kile cha akiba, akakitia mdomoni mwangu na kukishikilia kwa kiganja. Hewa ikaja. Tamu. Akanishika ukanda wa kifuani, nami nikamshika wake, tukapanda polepole, tukitazamana usoni kioo kwa kioo. Macho yake yalikuwa makubwa kama yangu. Lakini hakuniachia. Nilipotaka kukimbilia juu alinivuta chini kidogo na kupumua mbele yangu kwa madaha, ili nimwige. Nikamwiga.

Juu, jua kali. Wengine wakatokea nyuma yetu. Mke wangu aliogelea hadi kwangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee akauliza kumetokea nini.

"Tulikuwa tunafanya zoezi, Baba," Shemeji akasema.

Mwalimu alitazama saa ya hewa yangu, akanitazama mimi. Naye akanyamaza. Afadhali angenigombeza.

Usiku wa leo Mzee ameweka uma chini, akasema ameamua. Hakuona haja ya maneno mengi. "Nilitafuta mtu mmoja asiyebabaika. Sina. Mmoja anabweka, mwingine ananyamaza. Lakini leo nimewaona mnapumua mtungi mmoja." Akatutazama kwa zamu. "Duka moja litawashinda?"

Kwa hiyo ni letu wote wawili, nusu kwa nusu. Shemeji alinipa mkono. Nikaupokea, na nikashindwa kuuachia mapema, sijui kwa nini. Macho yaliniwasha. Ni chumvi ya bahari.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Nyumbani. Pua inabanduka.

Nimepata nafasi ya kulitafakari tukio la meli kwa utulivu. Ukilitazama kwa makini, mtu mwenye hofu ya maji alihitaji jambo la kumpa ujasiri. Nani alimpa? Nilimsimulia jirani hivyo leo asubuhi, namna nilivyoiacha hewa yangu iishe kwa makusudi ili shemeji yangu apone. Jirani akashangaa sana. Huenda nitaongeza papa.

Mchana nimepita dukani. Ofisi ni moja na dirisha ni moja. Meza iliyo dirishani inapata upepo na inaona wateja wakiingia. Nyingine iko kwenye kona, karibu na pampu ya kujazia upepo, inayonguruma kutwa. Kesho nitawahi kabla hakujapambazuka, nihamishie vitu vyangu dirishani. Shemeji akiuliza, daktari amenitaka nikae penye hewa. Baada ya yaliyonipata, nani atapinga? Mwezi ujao nitazungumza na Mzee juu ya lile neno nusu. Kuna nusu na nusu.

Mke wangu ameingia na kuniuliza ninaandika nini huku natabasamu peke yangu. Nikamwambia ni hotuba ya kumshukuru kaka yake, nitakayoisoma kesho mbele ya wafanyakazi wote.

Amefurahi mpaka akakaa kitandani. Amesema hakutegemea. Ameshika simu.

Anampigia.