Kamati ya Mazishi ya Kalekye

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua asubuhi. Mapato yameshuka tena. Nimefungua ukurasa wa mapato mara mbili nikidhani mtandao umekosea. Haujakosea. Mwaka juzi hadithi zangu kwenye programu ya HadithiChap zililipa nyama ya kila Jumapili. Mwezi uliopita zimelipa mkate. Wenye programu wametuandikia kwa upole kwamba wasomaji siku hizi wanapenda video fupi, ila tusikate tamaa. Sijakata. Mimi ni mwandishi.

Mke wangu Mwongeli, karani katika ofisi ya serikali mjini, ana maoni tofauti. Jana tulikubaliana, yaani yeye alisema nami nikatikisa kichwa: mapato ya Oktoba yasipotosha hata kulipia intaneti ninayoandikia, Jumatatu ya tarehe tatu Novemba naanza kazi kwa kaka yake, Kitavi. Kitavi ana duka la vifaa vya ujenzi Kinoo. Misumari! Mabati! Mimi niliyeandika sura thelathini na saba za "Geti la Kitisuru"!

Nzuki wa ghorofa ya juu naye anaandika HadithiChap. Ana wafuasi kunishinda. Leo nimemsikia akicheka peke yake. Bila shaka amelipwa.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimepata mpango. Nitamuua Kalekye.

Kalekye ndiye roho ya hadithi yangu. Mfanyakazi wa nyumbani kule Kitisuru, mpole, mwenye siri. Wasomaji wanampenda, wale waliobaki. Akifa watalia, wakilia wataambiana, wakiambiana watafungua. Rahisi! Nashangaa sikumuua mapema.

Alikufa kabla ya chakula cha mchana. Homa ya mapafu, baada ya kunyeshewa getini akimngoja Quincy, mtoto wa tajiri. Nililia kidogo mwenyewe. Kisha nikala ugali na sukuma, nikaongeza.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sura ya kifo imetoka. Wasomaji wanne. Mmoja ni mimi.

Nimeongeza mpango mdogo juu ya ule mkubwa. Kwenye stetasi ya WhatsApp nimeweka mshumaa, picha ya Kalekye (msichana wa jalada, nilimtoa mtandaoni, nadhani ni wa Brazili) na maneno haya: "Lala salama Kalekye wetu. Umetuacha mapema mno. Habari kamili kwenye linki." Sikusema kwamba ni mhusika wa hadithi. Ningeharibu sanaa.

Nikaenda kungoja mkahawani Adams, penye intaneti ya bure. Chai moja mchana kutwa. Mhudumu akaniuliza mara ya tatu kama naongeza kitu. Nikamwambia nina msiba. Akaniletea maji bila malipo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeamka nikajikuta ndani ya kundi la WhatsApp. "Maandalizi ya Mazishi ya Dada Yetu Kalekye." Msimamizi: Kitavi!

Nimeelewa polepole. Kalekye ni jina la Kikamba. Mke wangu ni Mkamba. Shemeji ameona stetasi yangu, hakufungua linki, akaamua ni mtu wao. Ukoo wao ni mkubwa kiasi kwamba hakuna anayewajua wote, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza marehemu ni nani. Kila mtu anaandika "Poleni sana familia" na "Tuko pamoja."

Mwongeli aliniuliza Kalekye huyu ni wa nani. Nikamjibu, kwa ukweli mtupu, kwamba aliyefungua kundi ni Kitavi. Akampigia Kitavi. Kitavi akasema mwenye kujua ni Shangazi Kavata. Akampigia Shangazi Kavata. Shangazi akasema anamkumbuka vizuri sana, alimbeba mgongoni akiwa mdogo, na lile paji la uso ni la kwao kabisa. Mwongeli akakaa chini akalia. Nilimshika bega. Sikujua la kufanya na ule mkono mwingine.

Niliandika maelezo ya kusahihisha, marefu na ya heshima. Kabla ya kuyatuma nikaangalia idadi ya watu kundini. Ni wengi kuliko wasomaji wote niliowahi kuwa nao! Maelezo nimeyahifadhi. Nitayatuma kesho.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikuyatuma. Nilituma sura ya kwanza badala yake, na maneno, "Tumkumbuke Kalekye tangu mwanzo." Kisha ya pili. Wanafungua! Chini ya kila sura wanaandika "Amina." Mtu wa Mlolongo ameandika kwamba sura ya tatu imempa nguvu na marehemu apumzike kwa amani. Miaka tisa naandika, sijawahi kuombewa.

Michango inaenda kwa Kitavi. Mimi siigusi. Naandika hili hapa ili ijulikane kwamba mimi ni mtu mwaminifu.

Mstari wa mapato unapanda. Nimeutazama hadi chai ikapoa.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimekutana na Nzuki kwenye ngazi. Macho mekundu. Akanisalimia, "Niaje, mwandishi," kwa sauti ndogo isiyo yake. Mwongeli ametangaza msiba kwenye kundi la jengo letu, na Nzuki alitaka kujua kama ni kweli mkutano ni kesho mjini, na kama naye anaruhusiwa. Nikamwambia wote wanakaribishwa. Akauliza nimewapataje watu wengi hivyo. Wivu! Nimefurahi siku nzima.

Jioni akapiga Kitavi. Amenisifu. Alisema ni kwenye msiba ndipo mtu huonekana, kwamba hakujua nampenda dada yao kiasi hiki, na kwamba hata kama nitaendelea na uandishi wangu, yeye sasa ananihesabu kama ndugu. Mwanamume huyu hajawahi kunisifu hata siku ya harusi. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini mwezi unaisha Ijumaa. Nikisema leo, ni misumari maisha yangu yote. Nikisema Jumamosi, bado ni mwandishi. Nikamshukuru nikakata simu.

Jumatano, 29 Oktoba

Nitaandika kwa utulivu.

Hoteli ya ghorofani, Mtaa wa Tom Mboya, saa ya watu kutoka kazini. Kamati zote za mazishi za mjini hukutana pale; meza ya jirani walikuwa na marehemu wao wa Vihiga. Sala, chai, mandazi. Nilipewa kiti cha mbele pamoja na wafiwa. Mwongeli alikuja moja kwa moja kutoka ofisini, kitambaa kichwani. Aliniambia bosi wake pia amechanga.

Kitavi akasoma ajenda. La kwanza, mwili uko mochari gani? Wakaniangalia. Nikaangalia mandazi. Nikasema hilo linashughulikiwa. La pili, azikwe wapi? Hapo nikapumua, maana watu wa Mwingi walisema Kalekye ni wao, wa Makueni wakasema ni wao, sauti zikapanda, na Shangazi Kavata akaamua kwamba pande zote mbili zinasema kweli. La tatu, mtu amzungumzie marehemu kidogo. Kila mtu akainamia kikombe chake.

Nzuki akasimama. Tai nyeusi!

Akaeleza jinsi Kalekye alivyojifunza kusoma kwa maandishi ya pakiti za maziwa. Jinsi alivyokula githeri akiwa amesimama mlango wa nyuma, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile kiti cha jikoni angeweza kukikalia. Jinsi alivyomtumia mama yake leso kuukuu, akaipiga pasi vizuri ili ionekane mpya. Mimi niliyeandika hayo nilikuwa nimeyasahau. Watu walilia, wa Mwingi na wa Makueni, hata meza ya Vihiga. Nami nilianza kulia. Nilifikiri, kumbe huyu msichana alikuwa mzuri namna hii!

Kisha Nzuki akapangusa macho akasema kwamba kwa maoni yake, sura bora kuliko zote ni ya kumi na mbili.

Kitavi akauliza, "Sura gani tena, boss?"

"Ya kumi na mbili. Pale anapata barua. Kwani nyinyi mmefika ngapi?"

Maskini, hakuwa na ubaya. Alidhani wote pale ni wasomaji wangu. Alidhani wamempenda Kalekye hadi wakaamua kumfanyia mazishi, na alieleza mbele ya wote kwamba wiki nzima hajapata usingizi kwa kunionea kijicho. Kitavi akatoa simu. Akafungua linki kwa mara ya kwanza. Akasoma muda mrefu, midomo ikichezacheza, na watu wengine nao wakaanza kutoa simu zao mmoja mmoja.

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilitaja sanaa. Mwongeli alilipia chai yake, yake peke yake, akashuka ngazi bila kunitazama. Shangazi Kavata ndiye aliyeendelea kulia. Alisema wamseme watakavyo, yeye huyo mtoto alimbeba.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mwongeli ameongea leo. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alisema uongo anaweza kuuzoea, amekaa na mwandishi miaka tisa. Kinachomuuma ni kwamba alimlilia Kalekye kwenye choo cha ofisi, mlango umefungwa, akijilaumu kwamba alikuwa na dada hapa Nairobi na hakuwahi kumtembelea hata mara moja. Na sasa ataenda kumwambia bosi wake nini? Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nikamwambia anisamehe. Akasema Jumatatu, Kinoo, saa moja na nusu.

Nikasema tungoje kwanza ripoti ya mwezi, kwa sababu mkataba ni mkataba.

Ripoti imekuja jioni. HadithiChap wanasema wameona usomaji usio wa kawaida. Mamia ya watu walifungua sura zangu, wakatafuta neno "mochari", wakafunga. Hao hawahesabiwi. Anayehesabiwa ni aliyesoma hadi mwisho, na mwezi huu, kwa sura zote thelathini na nane, kuna mmoja. Mapato ni pungufu ya Septemba.

Nikapanda ghorofani kwa Nzuki, sijui kwa nini. Alinipa chai. Nikamuuliza kama ni yeye. Akasema ndiyo, kila sura, siku ile ile inapotoka, na ile ya githeri ameisoma mara nyingi, kwa sababu zake yeye hazisomwi hivyo. Wafuasi wake wengi aliwanunua. Akaniomba nisiache. Alisema nikiacha hatakuwa na kitu cha kusoma jioni.

Nimeguswa sana. Ni wazi anataka nibaki kwenye programu ili apate mtu wa kushindana naye.

Jumatatu, 3 Novemba

Kinoo. Vumbi la saruji. Kitavi ametuma kauli moja tu kundini, kwamba kila mtu atarudishiwa mchango wake, na chai ya mkutano italipwa na shemeji kwa jasho. Shemeji ni mimi. Watu wawili walikataa kurudishiwa. Walisema walimchangia Kalekye, si mimi.

Kuna misumari ya kila aina. Mteja alitaka ya mabati, nikampa ya mbao. Kitavi akaibadilisha. Sasa ananiita "Lenox", jina langu tu. Lile neno ndugu halikutajwa.

Mwongeli alinifungia chapati za mchana. Sijui maana yake. Nimezila zote.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata utulivu mkubwa. Duka halina wateja kati ya saa nane na saa kumi, na mtu mwenye akili akikaa karibu na mabati kimya kimya, mawazo yanakuja. Nimelichunguza jambo lile lote kwa uaminifu, bila kujionea huruma, na kosa langu nimeliona.

Kosa lilikuwa moja tu. Mazishi! Kamati ya mazishi hukaa wiki moja, halafu inataka mwili. Kamati ya harusi hukaa miezi sita, na hakuna anayeuliza mochari. Tena nilitumia jina la upande wa wakwe. Hilo halikuwa jambo la heshima, nakubali, na Mwongeli alikuwa na haki ya kukasirika. Basi safari hii sitagusa ukoo wake hata kidogo. Quincy amemaliza kuomboleza. Katika sura ya thelathini na tisa anakutana na msichana mtaratibu wa kutoka Bungoma, kwetu kabisa, jina lake Nanyama.

Stetasi imeingia saa nane na dakika chache, Kitavi akiwa nyuma anapima nondo. Maua, pete mbili, na maneno machache: "Nanyama wetu amepata wake. Habari kamili kwenye linki." Safi. Ya furaha. Haimdhuru mtu.

Mjomba Were amepiga simu kutoka kwetu Bungoma kabla sijaweka simu mfukoni. Linki hakuifungua, macho yake si mazuri. Anasema amefurahi mno, amekwisha kuwaambia wazee, zizi linasafishwa leo leo, na anachotaka kujua tu ni ng'ombe wa mahari watafika lini. Nimemwambia mazungumzo yanaendelea vizuri.