Zamda Asiye na Mwanya

Jumamosi, 2 Novemba 1974

Na juu ya hayo yote, hana mwanya! Ndivyo nilivyokuwa nikimweleza Khaemba njia nzima kutoka holini, mpaka mlangoni, mpaka nikasahau kwamba ufunguo ninao mimi. Nasema tena hapa, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza. Zamda wa kitabuni ana mwanya. Imeandikwa kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza: binti wa mlinzi wa lango, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya ambao upepo hupita ukiimba. Zamda wa televisheni meno yake yamebanana kama punje za mahindi ya Rongai. Tena ni mweupe! Televisheni yenyewe haina rangi, na bado ni mweupe.

Nieleze kwa utaratibu, maana jambo hili ni zito. "Milango ya Ukungu" ni vitabu vitano. Khaemba anavyo vyote. Kwao ni Bungoma, kwetu ni Olenguruone. Lugha ya mama yake siijui, wala yeye hajui ya mama yangu. Alinichumbia kwa kunisomea. Kiswahili cha vitabu vile hakisemwi na mtu yeyote Nakuru hii, ila sisi wawili, tukiwa tumefunga dirisha. Kila alipofika kwenye jina la Zamda, aliinua macho akanitazama. Siku aliponiambia kwamba uso wa Zamda kwake ni uso wangu, na mwanya wake ni mwanya wangu, nilijua nimeshaolewa, hata kabla baba hajaulizwa.

Tuna miezi miwili katika ndoa na bado ni fungate. Chai ikimwagika tunacheka. Viazi vikiungua tunacheka.

Sasa wameleta igizo. Kila Jumamosi, saa moja jioni, katika televisheni ya holi ya mtaa wetu. Ndege Kuvumi, ambaye kitabuni kivuli chake hulaza mji mzima usingizi, ni blanketi linalovutwa kwa kamba. Kamba nimeiona. Nimevumilia. Blanketi haliwezi kuniibia mume.

Lakini nilipomuuliza Khaemba yule msichana amemwonaje, akasema, amejaribu.

Amejaribu! Mwanamume hasemi amejaribu hivi hivi.

Jumapili, 3 Novemba

Ni kweli. Nimeshuhudia.

Jioni ya leo Khaemba alinisomea kitabu cha pili. Mimi nilikuwa nafuma sweta yake, karibu kabisa na taa, maana tangu mvua zianze sioni vizuri nikikaa mbali. Akafika kwenye jina la Zamda. Akainua macho. Akatazama ukuta!

Nikadhani ni bahati mbaya. Akafika tena. Ukuta! Akatabasamu. Ukuta wetu hauna kitu ila msumari wa kutundikia koti. Mtu hautabasamii msumari. Ameona uso pale, na uso wangu ulikuwa huku, juu ya sweta.

Asubuhi nilikuwa nimekutana na Kadija kwenye kamba ya nguo. Huyu ndiye Mama Obeid, mke wa fundi cherehani, jirani yetu wa mlango wa pili. Nilimweleza, kwa heshima zote, jinsi televisheni ilivyokiharibu kitabu. Akasema yeye haoni kilichoharibika. Vitabu vitano vya nini, na mtu anaweza kukaa kwenye benchi akaletewa yote? Kitabu, akasema, kazi yake ni kufungia maandazi. Halafu: "Na yule msichana, bi harusi! Yule ni mzuri mpaka mumeo alisimama kama mlingoti." Akajifunika mdomo kwa leso, kama kawaida yake anapocheka.

Kama mlingoti. Sikulala vizuri mchana.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefikiri. Kabla ya kupambana lazima nipate hakika. Lazima niuone uso wa Khaemba wakati yule msichana anapotokea.

Shida ni desturi ya holi. Wanawake na watoto hukaa kwenye mabenchi ya mbele, wanaume husimama nyuma. Mzee Ogola, mlinzi wa holi, ndiye mwenye ufunguo wa lile sanduku la mbao linalofungiwa televisheni, na ndiye mwenye sheria. Hata mke wa diwani alikataliwa kusimama nyuma. Kwa hiyo mke haoni uso wa mumewe. Nani alitunga sheria hii? Mwanamume, bila shaka.

Lakini hakuna sheria inayosema mtu akae akielekea wapi! Nimeifikiria hii nikiosha sufuria, nikabaki nimeishika sufuria. Kidato cha Nne hakikupotea bure.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepata hakika. Afadhali nisingeipata.

Niliketi benchi la tatu, nikaipa televisheni mgongo. Khaemba alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa lile shati la bluu la harusi yetu. Moyo wangu! Hata katika huzuni nilimwona mzuri kuliko wote.

Mzee Ogola alikuja akaniambia, kwa upole, "Mathe, TV iko huku." Nikamwambia naisikia vizuri. Watoto wakacheka. Mtu mmoja nyuma akampigia Khaemba kelele, "Boss, kwani mke wako anakuhesabu nywele?" Holi nzima ikageuka kunitazama. Sikutikisika. Mwanamke anayepigania nyumba yake hatikisiki.

Sauti ya yule msichana ikatoka nyuma yangu. Na hapo hapo Khaemba akaanza kutokwa na jasho. Akauma mdomo. Akatazama dari. Akafumba macho. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Mara moja alionekana kama anataka ardhi immeze. Dalili zote za mapenzi! Nazijua. Zimeandikwa kitabu cha pili, pale kijana Sarumbo anapomwona Zamda kisimani mara ya kwanza.

Kuhusu igizo lenyewe, nasema ni baya kupita la wiki iliyopita. Sikuliona, lakini nililisikia. Kitabuni Sarumbo humwita Zamda "ewe nuru iliyosahauliwa na mwezi". Leo amemwambia, "Wewe, kuja hapa."

Tulirudi nyumbani. Khaemba aliniuliza kama naumwa shingo. Nikasema kinachoniuma si shingo.

Kadija amenipa jina jipya. Mama Mgongo. Tayari watoto wa mtaa wanalijua.

Jumatatu, 11 Novemba

Uchunguzi umekwisha. Sasa ni vitendo. Televisheni ile lazima inyamaze.

Nimekwenda kwa Mzee Ogola na maandazi ya moto. Nikamwuliza kuhusu afya, watoto, magoti. Halafu nikatazama juu ya paa la holi, pale ulipo mlingoti wa eriali, nikaguna. Akauliza ni nini. Nikasema si kitu. Akauliza tena. Nikasema, mzee, msimu huu wa mvua, chuma kirefu namna ile juu ya watoto wote wale? Kwetu Olenguruone radi haihitaji hata chuma. Inachagua tu mti mrefu.

Mzee Ogola akaacha kutafuna. Akavua kofia. Akasema ana binamu Rongai aliyepoteza ng'ombe kwa radi, wakiwa wamesimama kando ya uzio wa waya. Akasema nimesema jambo la maana sana, na kwamba vijana wa siku hizi hawafikirii.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Khaemba akaniuliza nimefurahia nini. Nikasema, ndoa.

Alhamisi, 14 Novemba

Eriali imeshushwa! Nimeiona kwa macho yangu ikiwa imelala kwenye majani. Mlingoti hakuna, picha hakuna, msichana hakuna. Nilipika wali na nazi ya kutoka kwa duka la Dhirajlal, jambo tunalolifanya siku kubwa tu.

Khaemba alirudi kutoka kazini akiwa na furaha kuliko mimi. Akasema Mzee Ogola amemfuata mpaka langoni pa kinu cha unga, anakofanya kazi ya umeme, akamwomba aunde eriali ya ndani, isiyohitaji mlingoti. Mtaa mzima umemchagua yeye. Jumamosi atakuwa mbele kabisa, kando ya televisheni yenyewe, kuhakikisha kila kitu kiko sawa.

Mbele kabisa. Kando yake.

Nilimpongeza. Nililia, nikasingizia vitunguu. Wali na nazi hauna vitunguu, lakini Khaemba ni muungwana, hakuuliza.

Jumamosi, 16 Novemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Eriali ya Khaemba ni waya aliouzungusha kwenye kipande cha mti. Inaleta picha safi, lakini kwa sharti moja: lazima mtu aishike, ameinyanyua, amesimama nyuma ya televisheni, na asicheze. Akishusha mkono picha inageuka kuwa mvua ya mawe. Kwa hiyo mume wangu alisimama pale muda wote, mikono juu, akitutazama sisi watazamaji. Kichwa chake kilikuwa juu ya sanduku, na cha yule msichana chini yake, ndani ya kioo. Vichwa viwili, karibu hivyo! Kama picha ya harusi!

Safari hii sikuhitaji kugeuka. Nilimtazama Khaemba tu.

Sasa, leo ilikuwa siku ya daraja. (Wanakimbia mno! Vitabu vitatu katika Jumamosi tatu!) Kitabuni ni daraja lililosukwa kwa nywele za wanawake wa nchi mbili zilizokosana. Zamda yuko upande huu, Sarumbo upande ule, ukungu unapanda. Ukurasa ule ndio Khaemba alionisomea tukiwa tumesimama juu ya daraja la reli, hapa stesheni. Alipoumaliza alifunga kitabu. Sikumwacha hata aulize. Nilisema ndiyo.

Televisheni haikuwa na daraja. Ilikuwa na kigoda. Yule msichana akapanda juu ya kigoda. Sarumbo akaja, akakohoa, akasema, "Haya, twende."

Haya, twende! Holi ikacheka. Kadija akacheka ndani ya leso. Nikahisi mtu amechukua cheti changu cha ndoa akafungia samaki.

Na hapo ndipo, kutoka nyuma ya televisheni, mikono yake ikiwa juu, Khaemba akasema kwa sauti, kile Kiswahili chetu cha dirisha lililofungwa, mbele ya watu wote:

"Vuka wewe, au nivuke mimi, ila tusife katika ng'ambo mbili."

Mikono ikamshuka. Picha ikafa. Wanaume wakapiga miluzi, Mzee Ogola akapiga kelele, "Fundi! Mkono! Mkono juu!" Mtoto akaanza kulia. Kadija peke yake alikuwa amenyamaza kabisa.

Maneno yangu! Na amemwambia nani? Alikuwa amesimama nyuma ya kisogo cha yule msichana!

Nilitoka nikaenda nyumbani mbio, kwenye mvua, nikaketi na koti langu la safari magotini. Kuna basi la Olenguruone asubuhi.

Jumapili, 17 Novemba

Sikupanda basi. Ee furaha! Ee mimi mwanamke mwenye bahati katika Bonde la Ufa lote!

Khaemba alifika amelowa, na kabla hajavua viatu nilimwambia yote: mwanya, amejaribu, ukuta, jasho, kisogo. Akakaa chini. Akavua kiatu kimoja. Halafu akasema kwamba uso wa yule msichana hajawahi kuuona.

Jumamosi ya kwanza mbele yake alisimama mtu mrefu mwenye kofia. Alisema amejaribu kwa sababu nilimbana, na alikuwa amesikia sauti tu. Jumamosi ya pili watu wote walikuwa wakimcheka kwa sababu mkewe amekaa kinyume anamkodolea macho. Ile ilikuwa aibu, akasema, si mapenzi. Na jana alikuwa nyuma ya sanduku. Mtu wa kutazama pale alikuwa mmoja tu, benchi la tatu. Maneno ya daraja alikuwa akimwambia huyo.

Nikauliza, na ukuta? Akasema, kwa kile Kiswahili cha kawaida cha Nakuru, bila pambo hata moja: "Si ni kivuli yako. Ukikaa karibu na taa inajaa ukuta yote. Naangalia hiyo."

Sitaandika nilivyojibu. Hata shajara ina mipaka.

Kwa hiyo nimejifunza. Wivu ni upofu. Kuanzia leo mimi ni mwanamke mwingine, mtulivu, mwenye imani. Nilifikia uamuzi huu saa nne asubuhi.

Saa tano Kadija akabisha hodi. Hakuja na utani. Alisema maneno ya jana hayajamtoka kichwani, kwamba tangu aolewe hajawahi kuambiwa kitu kama kile, na kwamba televisheni ni upuuzi, hatakwenda tena. Anataka Milango ya Ukungu. Lakini kusoma ni taabu kwake, macho hayamsaidii. Je, Khaemba hawezi kuwasomea, yeye na mzee wake, Jumamosi jioni? Khaemba, muungwana wangu, akasema hakuna neno, karibuni sana.

Kadija akafurahi mno. Akasahau leso. Akacheka, mdomo wazi.

Ana mwanya!

Ana mwanya, na ni mkubwa kuliko wangu! Upepo unaweza kupita pale na mzigo kichwani. Na ni mweusi wa kung'aa.

Nimefikiri mchana kutwa. Ni dhahiri kwamba televisheni haikuwa na kosa lolote. Ni igizo zuri. Kilichopungua ni daraja, na pengine ndege. Likitengenezwa vizuri kidogo Kadija atarudi kwenye benchi lake, na Zamda asiye na mwanya aliye Nairobi ni bora mara mia kuliko Zamda mwenye mwanya mlango wa pili. Kwa hiyo nimekwisha amua: kabla mwezi huu haujaisha nitapanda gari la moshi niende Nairobi kumwona yule msichana uso kwa uso. Nitampelekea maandazi. Nitamwambia amejaribu, tena amejaribu sana, na nitamwomba kwa magoti mawili asiache kazi.