Harusi ya Thelathini Shaaban

Jumatatu, 24 Shaaban

Posa imekubaliwa! Siwema, mjane muuza vitenge, atakuwa mke wangu. Mjomba wake, Mzee Mwinyimvua, alitaka ndoa ifungwe Ijumaa hii, kabla ya mwezi mtukufu. Nikasema Jumapili, tarehe thelathini. Akauliza nani kanihakikishia kuwa Shaaban itatimia thelathini. Nikamwonyesha kalenda ya simu. Aliitazama, akanirudishia kama mtu aliyepewa samaki wa juzi.

Sababu sikumwambia. Wiki hii Kariakoo nzima inavunja jungu. Watu wanakula kana kwamba Ramadhani haina futari. Kufikia Jumapili wageni watakuwa wameshiba mpaka kooni. Watainusa pilau, watatupongeza, watakwenda zao. Mbuzi mmoja atatosha. Akili!

Jumatano, 26 Shaaban

Mudi, fundi saa wa kibanda cha pili, naye anamtaka Siwema. Leo kanipongeza kwa meno tu. Akadai mtu mzima haweki harusi ukingoni mwa mwezi. Nikamjibu kuwa mwaka huu nitaamshwa daku na mke, yeye aendelee kuamshwa na saa za watu. Wauza mikoba walicheka sana. Nilirudi dukani kifua mbele.

Nyumbani kifua kilishuka. Tangu marehemu mke wangu aondoke, daku hunipita nimelala. Hilo Mudi halijui.

Ijumaa, 28 Shaaban

Benedikta, mpishi wa shughuli, mtu wa Masasi, kaja kupanga masufuria. Akasema mbuzi mmoja hatoshi. Nikamweleza siri ya vunja jungu. Akauliza itakuwaje mwezi ukiandama kesho. Nikamwuliza Mkristo anajua nini habari za mwezi. Akasema anapikia harusi za Waislamu tangu hajaolewa, na hajaona mwezi uliosubiri pilau. Maneno mengi! Nikamkabidhi vitunguu.

Jumamosi, 29 Shaaban

Mbuzi kachinjwa. Jioni nilikwenda Mnazi Mmoja. Watu wamesimama, nyuso magharibi, wanautafuta mwezi. Peke yangu nilikuwa naomba mawingu. Yakaja! Mazito, upande wa Jangwani. Kwa huruma nikamnunulia Mudi kahawa. Hajaimaliza, redio ya muuza kahawa ikatangaza kuwa mwezi umeandama. Umeonekana Pemba.

Pemba! Sikuwa nimeomba mawingu ya huko.

Mudi alinitakia Ramadhani njema, akaagiza kikombe cha pili kwa jina langu.

Jumapili, 1 Ramadhani

Mzee Mwinyimvua hakupandisha sauti. Ndoa si haramu, alisema, ila ukoo wao hauozi ndani ya mwezi huu. Nyama isiharibike. Pilau iwe futari.

Kwa hiyo wageni wangu walikuja magharibi, wamefunga kutwa nzima. Nilipanga walioshiba, nikapata wenye njaa! Walikomba mpaka ukoko. Mudi alifungua kwa tende moja na sinia zima.

Siwema aliniita mlango wa uani. Benedikta alikuwa ameshamweleza kila kitu. Akasema, "Idrisa, wageni ulitaka waje wameshiba. Na mimi je, nilitakiwa nije na chakula changu?"

Nikasema nilichotaka ni mtu wa kuniamsha daku. Maneno yalinitoka bila kupangwa. Huenda ndiyo maana aliyasadiki.

Kisha akatoa masharti. Harusi baada ya Iddi. Siku ataitaja mjomba, si mimi, na mwezi uwe umeshaonekana. Nikicheza tena, ataisikiliza posa ya Mudi. Niliapa kiapo kizito.

Jumatatu, 2 Ramadhani

Kabla ya alfajiri simu ililia. Siwema. Akaniamuru niamke nile, nisije nikamwaibisha kwa kuzimia dukani. Nilibaki nimeishika simu muda mrefu baada ya yeye kukata. Mwanamke wa namna hii hafanyiwi hila.

Nikala polepole. Akili ikafunguka.

Siku ya Iddi kila nyumba ina biriani. Mtu akitoka kutembelea nyumba tatu, ya nne anakunywa maji tu. Na kwa kuwa Shaaban imepungua, Ramadhani lazima itatimia. Hesabu nyepesi: Iddi ni Jumanne.

Nimeshampitia mwenye maturubai. Jumanne hiyo ni yangu. Mzee Mwinyimvua nitamjulisha mwishoni, asije akaanza tena maswali yake ya mwezi.